Umenunua monita ya 144Hz, sasa unaichomeka wapi kwenye laptopu? Kebo na adapta, kuanzia ya maana hadi takataka

Wakuu, nianze na mkasa wangu mjue haya nimejifunzia wapi. Nilijichanga nikanunua monita ya inchi 27, 1440p (ukali wa picha), 165Hz (picha mpya 165 kila sekunde), nikapita Kariakoo kutafuta kitu cha kuunganishia na laptopu yangu ya gemu. Muuzaji akaiangalia laptopu akasema "kaka chukua hii, inapiga 4K", akanipa kihabu cha USB-C chenye tundu la HDMI, USB mbili na sehemu ya memori kadi. Nafika geto nachomeka, picha imekuja safi kabisa, ila nikisogeza mausi mshale unarukaruka kama bodaboda kwenye mashimo. Kuingia setingi nakuta 30Hz. Thelathini! Na kioo cha laptopu yenyewe ni 144. Halafu jamaa wala hakunidanganya, 4K ipo kweli imeandikwa kwenye boksi, ila pembeni kwa herufi za sisimizi kuna 30Hz.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela angalia vitu viwili. Cha kwanza, tundu la laptopu limeunganishwa na GPU (chipu ya kuchora picha) ipi, maana laptopu nyingi za gemu zina mbili, ile ndogo ya ndani ya prosesa na ile kubwa ya NVIDIA au AMD, na kuna matundu yanaenda kwa ndogo na mengine kwa kubwa. Ukiwa na NVIDIA, chomeka monita ufungue NVIDIA Control Panel sehemu ya PhysX, kuna kamchoro kanakuonyesha kila skrini imeshika wapi. Ukipata tundu la moja kwa moja kwenye GPU kubwa umelamba dume, kwa sababu laptopu isiyo na swichi ya MUX (ya kuunganisha kioo moja kwa moja na GPU kubwa) ikicheza gemu kwenye kioo chake fremu (picha za gemu) zinatengenezwa na GPU kubwa halafu zinapitishwa kwa ndogo ndo zifike kiooni, sasa monita ya nje inaruka huo mzunguko na unaweza kupata fremu za ziada bila kulipia chochote. Cha pili ni tundu la monita lenyewe. Kuna monita nyingi DisplayPort yake (tundu lingine la picha, kando na HDMI) inatoa 165 lakini HDMI yake inaishia 144 au chini ya hapo, na wewe unabaki kulaumu waya bure.

Haya, twende kwenye kununua.

Namba moja kwangu ni kebo ya USB-C kwenda DisplayPort, kebo nzima moja, siyo kiadapta na waya mwingine juu yake. Tafuta iliyoandikwa DisplayPort 1.4, hiyo ina 32.4 Gbps (kiasi cha data inachopitisha kwa sekunde), 1440p kwa 240Hz inabeba bila jasho. Ila siyo kila USB-C inatoa picha! Tazama pembeni ya tundu, kama kuna alama ya D iliyobeba P ndani yake, au karadi ka Thunderbolt, basi inatoa. Kama kuna alama ya USB tupu ingia tovuti ya kampuni usome sifa za modeli yako kamili, maana laptopu kibao za gemu za bei ya chini USB-C yake ni ya data tu, utachomeka mpaka asubuhi. Sababu nyingine ya kuipa namba moja ni kwamba NVIDIA ilipofungulia monita za FreeSync mwaka 2019 ilianzia DisplayPort, kwa hiyo FreeSync, yaani ile skrini kufuata kasi ya fremu ili picha isichanike, inakubali huku kirahisi zaidi. Laptopu za zamani kidogo zina mini DisplayPort badala ya USB-C, hiyo nayo ni namba moja ileile. Urefu usizidi mita 2.

Namba mbili, HDMI 2.1. Kwenye karatasi inaishinda hata hiyo ya juu, 48 Gbps, 4K kwa 120Hz na zaidi. Naishusha kwa sababu jina lenyewe limeharibiwa, kampuni inaruhusiwa kuandika 2.1 kwenye tundu ambalo kasi yake ni ya 2.0, vipengele vyote vipya ni hiari. Usisome namba ya toleo, soma inatoa Hz ngapi kwenye rezolusheni yako. Na kebo iwe imeandikwa Ultra High Speed, ile iliyokuja na king'amuzi weka pembeni.

Namba tatu ni HDMI 2.0, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela bila sababu. Ina 18 Gbps. 1080p kwa 240Hz inapita, 1440p kwa 144Hz inapita. Kama una laptopu yenye GPU ya GTX 1650 na monita ya 1080p 144Hz, waya wa HDMI wa kawaida wa mita moja na nusu unakutosha kabisa, hiyo hela ya kebo ya kifahari kanunulie mausi.

Namba nne, adapta ya kutoa HDMI ya laptopu kwenda DisplayPort ya monita. Hii ni kwa ambaye hana njia nyingine. Lazima iwe ile inayovuta umeme kwa USB, vile viwaya vya bei rahisi vingi vinafanya kazi upande mmoja tu, DisplayPort kwenda HDMI, ukigeuza skrini giza.

Chini kabisa ni vihabu kama changu (chache zinatoa 1440p 144, mpaka uone imeandikwa hivyo hivyo, siyo "4K"), halafu adapta za USB-A za DisplayLink, hizo zinabana picha kwa prosesa, kwa Excel sawa, kwa gemu kama Valorant utakufa kabla hujamwona adui. VGA sitaki hata kuiongelea.

Ukishachomeka, Windows mara nyingi inakuwekea 60Hz, kuna watu wamekaa nayo mwaka mzima. Nenda Settings, System, Display, Advanced display, chagua monita sahihi kwanza halafu badilisha. Kutoka 60 kwenda 144 ni kutoka picha mpya kila milisekunde 16.7 kwenda 6.9, utaiona kwenye mshale tu hata gemu hujafungua. Kama 144 haipo kwenye orodha ingia menyu ya monita yenyewe, nyingine zina setingi ya toleo la DisplayPort au HDMI na imeachwa kwenye la zamani. Usitumie Duplicate (picha ileile kwenye vioo vyote), itavivuta vioo vyote viwili kwenye kasi moja, weka Extend au Show only on 2. Na ukikuta imeandikwa 143.98 usirudi dukani kugombana, hiyo ndo 144 yenyewe.