Mwalimu wa barabarani kwa wenye leseni wasiojiamini: maoni yangu

Dar es Salaam imejaa watu ambao leseni yao ya daraja D imekaa kwenye pochi na gari limekaa uani. Wengi wanaokiri ni wanawake. Wanaume wapo pia, ila wao husingizia foleni. Ukiwauliza kulikoni, jibu ni moja: sijiamini. Kwa ajili yetu wapo walimu wa kujitegemea wasiofundisha mtu kupata leseni. Wanakufuata nyumbani, wanakaa kiti cha abiria ndani ya gari lako mwenyewe, mnaingia barabarani. Wangu nilielekezwa na jirani hapa Kawe. Ni mtu mzima, dereva wa zamani wa daladala, anatoza elfu thelathini kwa saa na mafuta ni juu yako.

Hela yake aliihalalisha kwa swali la kwanza tu. Nyumbani kila mtu alikuwa na dawa ileile, "jiamini tu", kana kwamba kuna swichi mahali nimekataa kuibonyeza. Yeye akauliza, "Mama, unaogopa nini hasa? Taja kimoja kimoja." Nikataja: malori, bodaboda zinazochomekea kushoto, kipilefti, na kurudisha gari nyuma watu wakinitazama. Akayachambua kama karani. Malori na bodaboda hiyo ni hofu, tena hofu ya haki, ubaki nayo. Kipilefti huogopi, hujui sheria yake tu. Na hilo la kutazamwa ni haya, "na haya, mama, haiishi kwa kuzunguka Tanganyika Packers peke yetu. Twende Kariakoo."

Masomo yakafuata mpango huo. Kipilefti tulifanyia Posta, kwenye Sanamu ya Askari, Jumapili asubuhi mji ukiwa mtupu. Tulizunguka mpaka mlinzi wa jengo moja akaanza kutupungia mkono. Sheria yenyewe ni fupi: aliye kuliani kwako mpishe, pengo likipatikana ingia moja kwa moja, maana kusita ukiwa umeshaingia ndiko kunakoleta ajali. Kubadili njia tulijifunzia Daraja la Tanzanite, nikitamka kwa sauti kama mtoto wa chekechea: kioo, indiketa, bega (yaani geuka utazame nyuma ya bega), usukani. Kisha Barabara ya Mandela, kwenye malori yatokayo bandarini. Hapo nilipata somo ambalo shule ya udereva haikunipa: kama huioni sura ya dereva wa lori kwenye kioo chake cha pembeni, jua naye hakuoni. Usikae hapo. Pita au baki nyuma.

Kariakoo ndiyo nililipa kwa jasho. Nafasi ya kuegesha ni finyu, na vijana watano kila mmoja na amri yake: rudi, kata kulia, nyoosha, kata mama, kataaa! Mwalimu akaniambia nipandishe vioo, nitazame vya pembeni basi. "Wanaopiga honi wanaipigia gari. Wewe hata jina hawakujui." Sijui kwa nini sentensi hiyo ilinituliza, lakini ilinituliza, na gari likaingia.

Kasoro zipo. Anapokea simu katikati ya somo na kuongea mambo ya mchango wa harusi huku mimi nasubiri niambiwe nikate wapi. Damu ya daladala haijamtoka: taa ikigeuka njano anahimiza "wahi, wahi", na kwenye zebra hana subira na waenda kwa miguu. Hapo nilikuwa nafunga breki bila kumwomba ruhusa. Halafu kumbuka kwamba gari lako halina breki upande wake kama magari ya shule ya udereva. Kwa hiyo ambaye hajawahi kabisa kushika usukani asianzie hapa, aende shule kwanza. Na hakikisha gari lina bima kubwa kabla hamjatoka getini.

Lipa kwa saa, usikubali kulipia kifurushi cha mwezi, kwa sababu mahitaji ya watu hayafanani. Mwenzangu mmoja alihitaji kipilefti tu akamaliza. Saa za Jumapili asubuhi huwahiwa, weka miadi mapema. Mimi sasa naenda kazini Mikocheni mwenyewe kwa Barabara ya Mwai Kibaki. Usiku wenye mvua bado simo. Hilo tumepanga kulifanyia masika yakianza, na bei amesema haitabadilika.