DEXA ya kiuno na nyonga: uzoefu wangu, kwa walio Malindi

DEXA ni kipimo cha eksirei kinachoonyesha wingi wa madini kwenye mifupa, yaani uimara wake. Mashine niliyopimiwa iko Mombasa, kama kilomita 120 kutoka Malindi. Kwa hiyo kabla ya kupanda matatu jiulize kama safari inakuhusu. Inamhusu mwanamke yeyote wa miaka 65 na zaidi. Aliyekoma hedhi lakini hajafika 65 aende akiwa na moja kati ya haya: hedhi ilikoma kabla ya 45, mzazi alivunjika nyonga, mwili mwembamba sana, sigara, au amemeza prednisolone miezi mitatu na zaidi, ya pumu au baridi yabisi. Aliyevunjika mfupa kwa kuteleza tu akiwa amesimama asingoje umri wowote. Wanaume, miongozo mingi husema 70.

Kipimo chenyewe chepesi. Unalala chali kitandani, mkono wa mashine unapita juu yako, hakuna kuingizwa kwenye tundu. Dakika kumi hivi zinatosha, na mionzi ni kidogo kuliko ya eksirei ya kifua. Hufungi: kula mahamri na mbaazi zako. Ila vidonge vya kalsiamu viache tangu siku moja kabla, maana kidonge ambacho hakijayeyuka tumboni huonekana mbele ya uti wa mgongo na mashine hukihesabu kama mfupa. Na kama umenyweshwa bariamu kwa picha ya tumbo, ngoja wiki moja au mbili.

Vaa dera lisilo na zipu. Nilichokosa kupenda ni hiki: nilivuliwa mkufu na pini za mtandio, lakini hakuna aliyeuliza shanga. Shanga za kioo kiunoni hukaa karibu na pingili ya nne ya kiuno, na hupimwa pingili za kiuno, ya kwanza hadi ya nne (L1 hadi L4). Picha ikatoka na msururu wa vidoto, ikarudiwa. Dada zangu, zivueni nyumbani.

Kwenye nyonga walifanya vizuri. Mguu unageuzwa ndani nyuzi 15 hadi 25 na kufungwa kwenye kibao. Usipogeuzwa, shingo ya fupa la paja huonekana fupi na namba ya uimara wa mfupa hupanda kwa uongo. Omba kuiona picha: kile kinundu kidogo cha upande wa ndani wa paja kikichomoza sana, mguu haukugeuzwa vya kutosha. Kwa wazee walioota vinundu vya mifupa mgongoni, namba ya mgongo hudanganya kwa kupanda, basi itazameni zaidi ya nyonga.

Alama ya T hulinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya. Ikiwa -1 au juu yake, ni sawa. Kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua. -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi, yaani mifupa dhaifu inayovunjika kwa urahisi. Ambaye bado anapata hedhi husomewa alama ya Z, inayomlinganisha na watu wa umri wake, si T. Wengine hupewa T na kutishwa bure.

Kile kidude cha kisigino cha kwenye kambi za matibabu hutumia mawimbi ya sauti. Kinaweza kukuashiria uende DEXA, lakini vipimo hivi vya T havikihusu, na dawa isianzishwe kwa hicho peke yake.

Kurudia, mwaka mmoja au miwili baadaye, rudi mashine ileile. Hologic na Lunar, aina mbili za mashine hizi, hazitoi namba moja kwa mfupa mmoja, kwa hiyo hakikisha jina la mashine limeandikwa kwenye ripoti kabla hujaondoka kaunta.