Nimepanda farasi wa Kibasotho kule Semonkong, Lesotho. Uzoefu wangu

Niseme mapema, mimi mtu wa Lamu, punda nimempanda kabla sijajua kusoma, kwa hiyo nilipoambiwa Lesotho wanakupandisha milima kwa farasi nikajua hiyo kazi ndogo. Wapi! Punda unakaa nyuma kule karibu na mkia, miguu inaning'inia, fimbo mkononi, basi. Huyu farasi ana tandiko, hatamu, vikuku vya kutilia miguu, na siku ya kwanza nilishika kila kitu isipokuwa nilichotakiwa kushika.

Farasi wenyewe nawapa tano kwa tano. Ni wafupi, mabegani hawafiki hata mita moja na nusu, ukimuona amesimama na manyoya yake ya baridi utadhani wa kubebea magunia tu. Asili yao farasi ambao Waholanzi walileta Cape, kule kusini kabisa mwa Afrika, kutoka kisiwa cha Java miaka ya 1650, wakachanganyika na damu ya Kiarabu, wakafika kwa Wabasotho enzi za mfalme wao Moshoeshoe wa kwanza, halafu milima na theluji vikawachuja, mnyonge hakubaki. Ile vita ya Waingereza na Makaburu ya 1899 hadi 1902 ndo iliwaumiza, maana wazuri wengi walinunuliwa wakapelekwa huko, na baadae wengine wakachanganywa na farasi wa kigeni, kwa hiyo leo kumpata wa asili kabisa si rahisi, ingawa hadi kwenye nembo ya taifa wamewekwa wawili.

Sasa sikia. Kuna mahali tunashuka, njia mawe matupu, pembeni korongo, mimi nikavuta hatamu nimuelekeze. Akagoma. Akainamisha kichwa, akanusa jiwe, akaligusa na ukwato wa mbele kama mtu anayejaribu maji ya kuoga kama yamepoa, akaliacha akakanyaga la pembeni. Kijana anayetuongoza, kajifunika blanketi lake la Kibasotho, akacheka akanionyesha kwa mkono, legeza. Nikalegeza, na toka hapo sikumfundisha tena kazi yake. Tukifika tambarare anaingia mwendo wa haraka bila kurukaruka, sisi tungesema telki, kiuno hakisikii kitu, hivyo hivyo hadi maporomoko ya Maletsunyane, mita 192 maji yanaanguka mara moja tu.

Huduma lakini naipa tatu, na hapo nimewahurumia. Walionipangia safari waliniahidi helmeti, nafika zipo mbili za watoto. Kikuku cha kushoto kirefu kuliko cha kulia, nimeshinda saa nne nimepinda kama mtu wa mshipa, usiku nalala kifudifudi.

Ukienda vaa suruali ndefu nzito na ubebe koti hata kama mji mkuu Maseru kuna jua, huko juu baridi haina adabu. Randi wanapokea sawa kwa sawa na maloti, pesa ya Lesotho, ila chenji ya maloti imalize huko huko, ukivuka mpaka kurudi Afrika Kusini madukani hawaitaki, mimi ninazo mpaka leo.