Kwa fundi wa masanduku, Barani Malindi: taa ya mgodini ya babu inawaka tena

Kama una kitu cha zamani cha shaba ama cha bati nyumbani na unaogopa kukipeleka kwa fundi asije akakiharibu, mimi huyu fundi wa Barani nampa nyota tano bila kusita. Hana kibao wala jina la duka, ni karakana ya mabati tu nyuma ya wauza mbao, uliza "kwa fundi wa masanduku" na vijana wa tuktuk watakufikisha mpaka mlangoni.

Nilimpelekea vitu viwili, taa ya mgodini na sanduku la bati, vyote vya babu yangu mzaa mama, na itabidi nieleze vilikotoka manake bila hivo hamtajua kwa nini namsifu mtu kwa vitu ambavyo HAKUVIGUSA.

Babu alikuwa seremala wa majahazi hapa hapa Malindi. Sasa Kakamega ikapatikana dhahabu mwaka 1931, wazungu wakamiminika huko kama siafu, na baadaye ule mgodi wa Rosterman ukawa ndio mkubwa, ulichimbwa mpaka 1952. Mgodi hauendi bila seremala jamani, watu hawalijui hili. Shimo likishashuka na njia zikaanza kuchimbwa pembeni, lazima zikitwe nguzo za mbao na juu yake boriti, la sivyo mwamba unawafunika waliomo. Mtu wa pwani aliyezoea kuunga mbao za jahazi kazi hio haimshindi, basi babu akapanda gari la moshi Mombasa mpaka Kisumu, akaenda kutafuta riziki.

Huko ndiko alikompata bibi. Bibi alikuwa Muisukha, Mluhya wa huko huko Kakamega, na baba yake alikuwa na hasira ya haki kabisa. Sheria ya 1930 iliwaambia wenyeji kwamba ardhi yao ni yao milele, na serikali ikichukua kipande lazima iwape kingine cha kiasi hicho. Dhahabu ilipotoka, Desemba 1932 sheria hio hio ikabadilishwa, shamba likahitajika kwa uchimbaji unalipwa pesa basi, ardhi ya kukufidia hakuna. Babake bibi alipoteza sehemu ya shamba namna hio, na mtu anayekuja kumposea binti ni mfanyakazi wa mgodi, tena mgeni, tena wa dini nyingine. Mama anasema jibu lake lilikuwa fupi: "Shamba mmechukua, mtoto hamchukui."

Miaka ikapita hivo, babu anaposa, anakataliwa.

Halafu njia moja ikaporomoka na babu yumo ndani na wenzake. Taa zao zilikuwa za kabaidi, hii hii wanayotumia mafundi wa kuchomelea vyuma, juu unatia maji chini unatia kabaidi, maji yakidondoka inatoka gesi na gesi ndio inawaka. Walizima zote wakaacha moja, manake moto unakula hewa. Maji ya taa yakaisha. Wakaikojolea. Ndio, wachimbaji dunia nzima walifanya hivo wakikwama, na kwetu hadithi hio inasimuliwa mbele ya watoto na wageni bila haya, kwa sababu mwanga huo ndio uliowafanya wasichanganyikiwe. Juu kule bibi alikaa kwenye mdomo wa shimo, akaitwa nyumbani akakataa, babake akaja kumchukua kwa hasira na yeye mwenyewe hakuondoka tena, akavua shati akaingia kwenye foleni ya wanaopokezana mawe. Babu alipotolewa mzee alimwangalia tu, akamwambia alete wazee wake. Wazee wakatoka Malindi wakaenda.

Kwa hivo taa yenyewe ndio ile, na sanduku ni lile walilorudi nalo mgodi ulipofungwa 1952, gari la moshi mpaka Mombasa halafu barabara na feri ya Kilifi, manake daraja la pale limekuja 1991. Kwa ndani, kwenye kifuniko, bibi aliandika kwa penseli majina ya watoto wake kila alipojifungua. Yako sita. Wawili walikufa wadogo wakazikwa huko huko Kakamega, na hakuna mahali pengine popote majina yao yalipoandikwa, si cheti, si jiwe la kaburi.

Sasa mwelewe nilivyoshtuka duka la kwanza (silitaji) walipoliangalia sanduku wakasema watalipiga msasa lote nje ndani na kulipulizia rangi nyeusi ya kung'aa "liwe kama jipya". Nikalibeba nikaondoka nalo.

Huyu wa Barani nilipofika hakunitajia bei. Aliosha mikono kwanza, akafungua kifuniko polepole, akakaa kimya akisoma. Halafu akaniuliza: "Mwanangu, alama zipi hapa hutaki ziondoke?" Nikamwambia hilo ni swali la mama, akasema basi mlete mama. Nikamleta mama kwa tuktuk, akawekewa kiti, na mzee yule akachukua chaki akawa anazungushia kila mahali mama anapogusa: majina, herufi za babu zilizopakwa rangi nyeupe ubavuni, bonyeo la kona ambalo mama anasema sanduku lilianguka wakati wa kushuka kwenye feri. Mimi bonyeo ningesema linyooshwe. Yeye akasema bonyeo ni la familia, lenyewe halivuji halikati mtu, libaki. Ile chaki ndio iliyoniaminisha.

Kazi yenyewe sasa. Kutu ya nje aliitoa kwa brashi ya waya laini na mafuta ya taa, kidogo kidogo, ile rangi ya kijani ya zamani iliyobaki hakuigusa. Sehemu ya chini ilikuwa imetoboka kwa unyevu wa chumvi (nyumba zetu karibu na bahari bati halidumu, hilo mnalijua), akaweka kipande cha bati kwa ndani na kukikaza kwa ribiti, hakuchomelea, kwa sababu moto ungeunguza rangi mpaka kwenye herufi za babu. Tumbuu ya mbele aliinyoosha ikafunga. Bawaba moja ilikuwa imekwisha kabisa, akatia mpya, na hapa ndipo ninapomkata kidogo, bawaba mpya inang'aa sana pembeni ya ile kuukuu na ningependa angeipaka kitu ipoe rangi. Majina aliyafunika kwa karatasi safi muda wote wa kazi, na vumbi la ndani akalipangusa kwa brashi ya kunyolea ndevu. Penseli iko vile vile.

Taa ndio ilikuwa mtihani. Ilikuwa haifunguki. Kabaidi ikishatoa gesi kinachobaki ni chokaa, na chokaa ilikuwa imeganda ndani ikashika nyuzi za kufungia, juu yake shaba imeota kijani. Mtu mwengine angeibana kwa jiriwa na kuizungusha kwa nguvu na ingepasuka hapo hapo. Yeye aliiloweka kwenye siki, anaitoa anaisuuza anaijaribu kwa mkono, anairudisha, siku zikaenda mpaka ikalegea yenyewe. Alinieleza kwamba ndimu na ukwaju ambavyo sote tunasugulia vyombo vya shaba hapa pwani hataki kuviacha muda mrefu kwenye taa kama hii, asidi ikikaa sana inakula zinki na shaba ya manjano inageuka wekundu wekundu na kudhoofika. Tundu dogo gesi inapotokea lilikuwa limeziba, akalizibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Raba ya katikati iliyokauka ikawa unga, akakata nyengine kwenye tyubu ya gari. Na kile kibomba kidogo kilichokuwa na ufa, kijana wake alitaka kuweka cha shaba nyekundu kama cha friji, mzee akamkemea mbele yangu, akasema shaba nyekundu tupu na gesi ya kabaidi ni hatari, vinaweza kutengeneza kitu kinacholipuka, lazima iwe ya manjano. Fundi anayejua hilo bila kuandikiwa mahali huyo ni fundi.

Binamu yangu alitaka taa ing'arishwe mpaka ujione. Fundi akakataa, akasema atatoa kijani kinachoila lakini ule weusi wa mikono atauacha, aliyetaka taa mpya akanunue mpya. Mama akamuunga mkono na maneno yakaishia hapo.

Siku ya kuichukua aliiwasha nje uani, si ndani, tena mbali na jiko la mkaa. Akatia vipande vidogo vya kabaidi, akafungulia koki ya maji tone tone, ile harufu ya kama vitunguu saumu ikatoka, akaziba sahani ya kumulika kwa kiganja akazungusha kijigurudumu cha jiwe la kiberiti, ikashika. Moto mweupe mdogo hivi, umesimama kama kucha. Mama hakusema neno ila alishika mkono wa yule mzee na kumwita kaka, na mzee akamjibu, "Naam dadangu, imewaka."

Bei: taa elfu tatu na mia tano, sanduku elfu nne, nusu unatoa mwanzo kwa M-Pesa na nusu ukichukua. Kwa kazi ile naona ni haki kabisa, duka la rangi nyeusi walitaka zaidi ya hapo kwa sanduku peke yake. Kasoro ni muda, alisema wiki mbili ikawa mbali sana na hizo wiki mbili, na simu hapokei akiwa na kazi mkononi, itakubidi uende mwenyewe. Ijumaa usiende mchana, anafunga kwa swala na harudi mpaka alasiri. Kitu chako kifunge kwenye gunia ama kanga kuukuu, usikitie kwenye mfuko wa plastiki, jasho la humo linaongeza kutu njiani. Na kama una taa ya kabaidi kwenu usijaribu kuiwasha jikoni, mpelekee aikague kwanza.

Kuna wageni wa hotelini walimkuta na taa yetu mezani wakataka kuinunua kwa dola, akawaambia si yake na hata bei hakuwasikiliza. Haya nimeyasikia kwa kijana wake, yeye hakunitajia.

Mjomba ameshamletea keekee na randa za babu, zile alizokwenda nazo Kakamega, na safari hii mzee amemwambia mapema kwamba mpini wa randa uliochakaa kwa kiganja cha babu hataubadilisha, atatia chuma chake makali basi.