Kitabu cha wasifu wa profesa mstaafu: uchapaji mzuri, uhariri jitegemee

Maduka ya uchapaji ya Dar es Salaam siku hizi yanauza kifurushi kimoja cha msiba: kitabu cha ratiba na wasifu, bango la picha, na fulana kama familia itataka. Kwa misiba mingi kinatosha. Kwa profesa mstaafu wa unasihi (ushauri nasaha) aliyewahi kuwa amidi, yaani mkuu wa kitivo, nusu ya kazi duka linaifanya vizuri, na nusu nyingine hata halijui kwamba ipo.

Sifa ya kwanza ni kasi. Kitabu cha kurasa 16 za A5 ni karatasi nne za A4 zilizochapwa pande mbili, zikakunjwa katikati na kupigwa pini mbili. Nakala 300 hula karatasi 300 za jalada na 900 za ndani. Kwa mashine ya dijitali, oda ya jioni huchukuliwa asubuhi, na kinachochelewesha ni mikono inayokunja, si mashine. Ofseti hushusha bei ya nakala pale mnapotaka maelfu, lakini ina mambo ya kutengeneza bamba la kuchapia na kusubiri wino ukauke, kwa hiyo iacheni kwa arobaini au kumbukumbu ya mwaka. Familia za Kiislamu, ambako maiti hailazwi, kitabu wanakitoa kwenye khitma, na hapo hakuna haja ya kukimbizana na fundi usiku wa manane.

Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Mkipeleka 18, mtarudishiwa 20 zenye kurasa tupu, au 16 zenye herufi za kusomwa kwa darubini. Waombolezaji wa profesa mstaafu wengi ni wastaafu wenzake. Chini ya pointi 11 msikubali. Pakibana, punguzeni shukrani.

Jalada liwe la gramu 250 na ndani gramu 130. Hapa pana swali moja la kumpima fundi: je, anapiga mstari wa kukunjia kabla ya kukunja? Wino wa dijitali ni unga uliochomwa juu ya karatasi, haukunywewa. Karatasi nzito ikikunjwa bila mstari, unga hupasuka na mgongo wa kitabu hubaki na ufa mweupe. Kwenye jalada jeusi au la zambarau, ndiyo rangi za misiba, ufa huo unaonekana kabla ya jina la marehemu.

Picha ndizo zinazoharibu vitabu vingi, na kosa mara nyingi ni la familia. Ukurasa mzima wa A5 unahitaji takriban pikseli 1,748 kwa 2,480. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa. Itumeni kama dokumenti. Kama iliyopo ni pasipoti ya zamani tu, skaneni kwa nukta 1,200 kwa inchi (dpi), maana 300 ya kawaida inatosha kuichapa kwa ukubwa uleule wa pasipoti na si zaidi. Zile picha za studio zenye karatasi ya uso wa chembechembe hutoka na madoa meupe kwenye skana. Zipigwe kwa kamera karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni. Tena joho la bluu kali kwenye kioo cha kompyuta huweza kugeuka zambarau likichapwa, kwa hiyo ombeni nakala moja ya karatasi kabla ya 300 kutoka. Duka likikataa kutoa nakala hiyo, tafuteni jingine.

Sasa upande dhaifu. Kiolezo cha wasifu cha duka ni kilekile: kuzaliwa, elimu, ndoa, kazi, kuugua, mauti, kisha “alikuwa mcheshi na mpenda watu”. Anayechapa hana kosa, anajaza nafasi. Ila vyeo vya chuo kikuu vinamshinda. Amidi huongoza kitivo au shule kuu. Mshauri wa wanafunzi anashughulikia maisha yao chuoni. Kiingereza kinawaita wote “dean”, na wasifu uliotafsiriwa harakaharaka huwachanganya, hasa marehemu akiwa mtu wa unasihi. Mwingine huandikwa “mkuu wa chuo”, cheo ambacho pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hushikwa na watu kama Rais mstaafu Kikwete. Profesa mshiriki si profesa kamili. “Emeritus” ni heshima anayopewa mtu na chuo, haimwangukii kila anayestaafu.

Miaka nayo ina mitego. Aliyehitimu Dar es Salaam mwaka 1968 alitunukiwa shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichokuwepo kuanzia 1963 hadi 1970. Picha yenye maelezo “Mlimani, 1963” ina walakini, kwa sababu chuo wakati huo kilikuwa Mtaa wa Lumumba na kilihamia Mlimani 1964. Dawa ni kuomba idarani CV aliyowasilisha mara ya mwisho alipopandishwa cheo: ina tarehe, kozi alizoanzisha na wanafunzi aliowasimamia. Hao wa mwisho ndio wastahili ukurasa mzima.

Kuna jambo ambalo duka haliwezi kulikamata kabisa. Watu watatuma salamu za kusema “alinisaidia nilipotaka kujiua” au “aliiokoa ndoa yetu”. Ni maneno mazito, na kamati ya mazishi hushawishika kuyachapa pamoja na majina. Msiyachape bila ruhusa ya mwandishi mwenyewe, na akitajwa mwenzi au mtoto, ruhusa ya mtu mmoja haitoshi. Siri ya mteja haifi na mnasihi. Daftari zake za vikao zisifunguliwe kutafuta nukuu, na picha za mazoezi ya unasihi wa vikundi zikae nje ya kitabu.

Kusahihisha kufanywe na wawili: ndugu kwa majina ya ukoo, mwenzake wa idara kwa vyeo. Kompyuta nyingi za maduka zimewekwa kukagua Kiingereza, hivyo kila neno la Kiswahili limepigiwa mstari mwekundu na kosa la kweli linajificha humo humo. Angalieni kwa jicho majina yenye ng’, tarehe, na maelezo chini ya picha. Maandishi yafungwe saa sita mchana siku moja kabla ya kitabu kutolewa. Baada ya hapo, hata shangazi akikumbuka jina la mjukuu, liende kwenye PDF ya walio mbali.

Nakala mbili zipelekeni maktaba ya Mlimani, sehemu ya East Africana. Hizo mbili ziombeni zishonwe kwa uzi, kwa sababu pini kwa unyevu wa Dar huota kutu na kutoboa karatasi ya katikati.