Kuweka akaunti ya benki kwenye mfumo wa wagavi: uzoefu wangu, Kisumu

Nashona ovaroli, makoti ya maabara na aproni za jikoni karibu na soko la Kibuye. Wateja wangu wakubwa ni viwanda na hoteli, na hao hawalipi papo hapo: unapeleka mzigo, unapeleka ankara, unangoja. Mmoja wao, kiwanda ambacho sitakitaja, kiliacha kupokea ankara za karatasi kikatuhamishia sote kwenye mfumo wake wa mtandaoni wa wagavi, yaani sisi tunaokiuzia bidhaa. Humo unajisajili, unaweka akaunti ya benki, na kila ukipeleka mzigo unapakia ankara yako. Nimeutumia vya kutosha kuusemea. Naupa nyota nne kati ya tano, na karibu zote nne ni za ile sehemu ya benki, ambayo ndiyo inayowatoa watu jasho.

Kujisajili kwenyewe si kazi. Wanataka PIN ya KRA (nambari ya mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato ya Kenya), cheti cha kuonyesha kwamba huna deni la kodi, cheti cha biashara, nambari ya simu na barua pepe. Ukiwa na hati zako umemaliza kabla chai haijapoa.

Ila hapo kwenye simu na barua pepe nawaomba wenzangu mtulie. Wengi wetu mambo ya iTax na eCitizen, yaani tovuti za kodi na za huduma za serikali, tunafanyiwa na kijana wa saiba, lile duka la intaneti. Kijana huyo, kwa nia njema kabisa, hukufungulia barua pepe mpya na kuweka nenosiri analolijua yeye. Kwa kutafuta cheti, labda hakuna neno. Kwenye mfumo huu kuna neno kubwa, kwa sababu kiungo cha kuthibitisha akaunti ya benki kinakuja kwenye barua pepe hiyo, na nambari ya kuthibitisha inakuja kwenye laini uliyoandikisha. Aliye na hivyo viwili ndiye anayeamua pesa zako ziende wapi. Tumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako na barua pepe unayoifungua mwenyewe kwenye simu yako. Kijana wa saiba akusaidie kuskani hati, umlipe, umshukuru, yaishe hapo.

Sasa benki. Kikwazo changu kilikuwa jina. Mimi sina kampuni. Nina jina la biashara lililosajiliwa. Kwa hiyo PIN ninayotumia ni yangu binafsi, ile inayoanza na herufi A (za kampuni huanza na P), na jina lililo kwenye cheti cha PIN ni langu la kitambulisho. Akaunti ya benki nayo ina jina la biashara. Mfumo ulichukua jina la kwenye PIN, ukalilinganisha na la akaunti, ukatoa maandishi mekundu kwamba majina hayalingani. Basi. Haukusema ufanye nini, na maelezo yote ni ya Kiingereza. Fundi mwenzangu alipofika hapo aliacha kabisa, akaamini kwamba mfumo ni wa kampuni kubwa tu. Si kweli, na inaniuma kwamba mtu anaweza kupoteza mteja kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi usioeleweka.

Dawa yake ni hati mbili. Ya kwanza ni cheti cha usajili wa jina la biashara, kwa sababu kinamwonyesha mwenye biashara pamoja na jina la biashara yake. Ya pili ni barua ya benki ya kuthibitisha akaunti: iwe kwenye karatasi yenye nembo ya benki, ina jina la akaunti, nambari, tawi, sahihi na muhuri. Nilipoenda kuiomba, dada wa kaunta aliniuliza, "Mama, tuandike jina la akaunti kama lilivyo au tulifupishe?" Nikamwambia lilivyo, hata kama linachukua mstari mzima. Jina la akaunti likiwa "Enterprises" na barua ikaandika "Ent.", mtu wa idara ya ununuzi anairudisha. Barua isiwe ya zamani pia; iombe wakati uko tayari kuipakia. Hati hizo mbili zilipoingia, ombi langu lilitoka kwa mashine likaenda kwa binadamu, na binadamu akalipitisha.

Kuna jambo dogo ambalo nataka kila mwenye simu alisikie. Akaunti yangu inaanza na sifuri, kama zilivyo nyingi hapa nchini. Ukijaza fomu hiyo kwa simu, kisanduku cha nambari ya akaunti kinaimeza sifuri ya mwanzo mara tu unapobonyeza kuhifadhi. Niliiona kwa kuwa nilikuwa nimeweka barua ya benki pembeni nikilinganisha tarakimu moja moja. Kwa kompyuta haifanyi hivyo. Huo ni udhaifu wa mfumo, na ndiyo ile nyota niliyoizuia. Fomu ya kupokea nambari ya benki haina ruhusa ya kuibadilisha.

Misimbo isikutishe. Kila benki ina msimbo wa tarakimu mbili na kila tawi la tarakimu tatu. Unachagua kwenye orodha. Chagua tawi lililofungua akaunti, hata kama siku hizi unahudumiwa kwingine. Kisanduku cha SWIFT ni cha pesa za kutoka ng'ambo, na unaweza kukiacha wazi. Till ya M-Pesa, ile nambari ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, hawaikubali. Naelewa sababu ya upande wao, maana muamala mmoja wa M-Pesa hauvuki shilingi 250,000 na ankara nyingi za kiwandani zinapita hapo. Lakini mama anayewapelekea mboga za jikoni za elfu nane kwa wiki angefaa kulipwa kwenye till yake, na sioni kwa nini wasiweke njia hiyo kwa ankara ndogo.

Ankara yenyewe lazima iwe ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi mnunuzi anapokokotoa kodi yake, ndiyo maana wateja wakubwa hawatanii kwa hili. Mimi sijasajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kwa hiyo natoa ankara kwa simu kupitia *222#. Weka PIN ya mnunuzi, usiiruke, kwa sababu bila hiyo ankara haimfaidi. Ninachotaka ieleweke ni kwamba kutoa ankara ya eTIMS hakumwambii mteja akulipe kwenye akaunti gani. Ile ni ya kodi. Akaunti inakaa kwenye mfumo wa mteja, na kinachounganisha hizo mbili ni PIN yako. PIN ya kwenye ankara ikitofautiana na uliyojisajilia, ankara inakwama, hata kama mzigo umepokelewa na LPO, ile hati ya mteja ya kuagiza mzigo, imetiwa sahihi.

Kilichonifanya niuamini mfumo huu ni siku nilipohama benki. Niliomba kubadilisha akaunti, nikapakia barua mpya, nambari ya kuthibitisha ikaja kwenye simu. Nilidhani imeisha. Haikuisha: malipo yangu yote yalisimamishwa mpaka wahakikishe, na kijana wa idara ya ununuzi akanipigia kwenye nambari yangu ya zamani waliyokuwa nayo tangu mwanzo.

"Mama, ni wewe umeomba kubadilisha akaunti?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Naomba unisomee tarakimu nne za mwisho za akaunti mpya."

Hakunisomea yeye nikaitikia. Aliniacha nisome mimi. Hapo nilijua wanaelewa kazi yao. Wizi unaowakumba wasambazaji na wateja wao unaanza hivi: mhasibu anapata barua pepe inayofanana na ya msambazaji, "tumehama benki, tafadhali lipeni akaunti hii," na yeye anabadilisha bila kumpigia mtu. Pesa ikishaenda, kiwanda kinasema kimelipa, wewe unasema hujalipwa, na wote wawili mnasema kweli. Simu moja kwa nambari ya zamani inaukata wizi huo. Ndiyo, kusimamishwa malipo kuliniuma, kwa kuwa mafundi wangu wanalipwa Jumamosi na kitambaa nanunua kwa pesa taslimu. Bado ningechagua kungoja. Ukitaka kubadilisha akaunti, fanya hivyo baada ya malipo kuingia, usifanye ukiwa unatarajia pesa.

Na jueni kwamba katika hatua zote hizi hakuna aliyeniomba PIN ya M-Pesa, ya kadi au nenosiri la benki. Akipiga mtu anayejiita wa idara ya wagavi akataka kimoja kati ya hivyo, kata simu, kisha piga mwenyewe nambari iliyoko kwenye LPO.

Malipo sasa yanaingia benki kwa tarehe tuliyokubaliana, na kufuata hundi kwenye geti kumeisha. Kilichobaki ni ule ujumbe wa malipo: unaonyesha jumla tu, bila kutaja ni ankara zipi zimelipwa, kwa hiyo ukiwa na kadhaa inabidi ukae na daftari ujumlishe mpaka hesabu ikubali. Nimewaandikia waongeze nambari za ankara kwenye ujumbe huo na warekebishe ile sifuri ya kwenye simu. La sifuri wamejibu kwamba wanalishughulikia. La ankara bado nawakumbusha.