Kupima FBP Mbeya: kupima safi, maelezo hakuna

Upande wa kupima sina ugomvi nao. Ni maabara binafsi, Mbeya mjini, si mbali na Mwanjelwa, jina naliacha. Nilikuwa nachoka ovyo, ngazi za ofisini tu zinanimaliza pumzi, nikaenda kupima FBP, yaani kipimo cha picha nzima ya damu. Shilingi elfu kumi na tano, foleni fupi, sindano mpya imefunguliwa mbele yangu. Huhitaji kwenda na njaa. Kaka wa maabara alipokea damu kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, akawa anakipindua juu chini taratibu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndani kuna dawa ya kuzuia damu isigande, maana ikishika mabonge mashine inahesabu uongo. Hapo nilimpa maksi zote.

Majibu hayakuchelewa. Kasheshe ni karatasi yenyewe: Kiingereza kitupu, vifupisho kuanzia juu hadi chini, halafu dirishani naambiwa, "Damu ipo vizuri dada, RBC nzuri." Basi, mwingine apite. RBC, yaani hesabu ya chembe nyekundu, ilikuwa 4.9, maana yake milioni 4.9 katika maikrolita moja ya damu. HB, yaani himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, 12.3. Zote hazina alama. Iliyowekewa L, kwamba iko chini, ni MCV: 76. Hiyo hakuna aliyeigusa.

Daktari niliyempelekea alianzia hapo hapo kwenye MCV. Ni ukubwa wa chembe moja kwa wastani. Mtu mzima anatakiwa awe kati ya 80 na 100. Akaniambia, "Dada, ukihesabu magunia bila kuyapima, utajuaje viazi ni kilo ngapi?" Chembe ninazo za kutosha, ila ni ndogo, na kila moja imebeba himoglobini kidogo. Mara nyingi hali hiyo huletwa na upungufu wa madini ya chuma. Lakini wapo wanaorithi thalasemia, hitilafu ya kutengeneza himoglobini, nao chembe zao ni ndogo huku RBC ikiwa hata juu. Kwa hiyo hakukimbilia kuandika vidonge. Alitaka kwanza kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini. Majibu yakaja kiko chini, yaani chuma ndicho kimepungua.

Kilichoniacha mdomo wazi ni HB. Kwa mwanamke asiye mjamzito mpaka wa chini ni 12, kwa hiyo 12.3 yangu imevuka. Sasa, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko pwani, na figo hutoa homoni ya kuuhimiza mwili utengeneze chembe nyekundu zaidi. HB ya mtu wa huku inatakiwa iwe juu kuliko ya mtu wa Dar. Mwongozo wa WHO wa 2024 unasema anayeishi kati ya mita 1,500 na 2,000 HB yake itolewe 1.1 ndipo ilinganishwe na mpaka huo. Yangu inabaki 11.2. Upungufu wa damu ninao, na karatasi imenyamaza kimya, kwa sababu mashine haijui kama iko Mbeya. Inachapa viwango ilivyowekewa. Wenzangu wa Iringa, Njombe na Makete, hilo liulizieni.

Nimepewa vidonge vya chuma. Choo kinakuwa cheusi, msishtuke. Kilichoniuma zaidi ni chai: chai ya Tukuyu na chakula cha mchana ndiyo raha yangu, kumbe majani ya chai yanazuia chuma kufyonzwa. Sasa naiweka mbali na mlo na mbali na kidonge.

Maabara naipa nyota tatu, zote za yule kaka wa kichupa. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, kwa hiyo mpya zinahitaji muda kujaa. Nitarudi palepale baada ya miezi mitatu kupima tena. Dirishani nachukua karatasi tu, siulizi kitu.